Msinipigie Makofi

Kutua kubaya kuliko kote nilikowahi kutua kulipigiwa makofi.

Ilikuwa alasiri ya Agosti, kwenye kiwanja cha changarawe katikati ya mbuga, upepo ukivuma kutoka kulia. Ndege ilikuwa Cessna Caravan: injini moja, abiria kumi na mmoja, rubani mmoja, mimi. Soksi ya upepo ilisimama kama mkono wa trafiki, ikalegea, ikasimama tena. Nilikuwa nimechelewa dakika ishirini, na magari ya hoteli yalikuwa yamepangwa chini ya mgunga yakinisubiri. Niliyaona. Kosa la kwanza lilikuwa hilo: niliangalia magari badala ya kuangalia soksi.

Karibu kabisa na ardhi, pigo la upepo likanisukuma kushoto. Wakati ule nilipaswa kuongeza nguvu ya injini na kuondoka. Badala yake nikaanza kupigana. Gurudumu la kulia likagusa, ndege ikaruka, ikagusa tena, na mimi, kwa kuwa tulikuwa tumeshagusa, nikadhani kazi imekwisha, nikalegeza usukani. Upepo ukaingia chini ya bawa la kulia ukaliinua. Kwa sekunde moja au mbili ndege ilikwenda kwa mguu mmoja. Tuliposimama, gurudumu la kushoto lilikuwa limetoka nje ya changarawe, ndani ya nyasi, hatua chache kutoka kwenye kichuguu kirefu kuliko mimi.

Nyuma yangu watu wakapiga makofi. Mzee mmoja mgeni alinishika bega akaniambia mimi ni rubani hodari. Dereva wa hoteli akasema, "Kapteni, hiyo ilikuwa sinema!" Jioni meneja wangu akanitumia ujumbe wa pongezi, kwa sababu abiria walikuwa wameshamwandikia kunisifu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa naliona kichuguu.

Miezi kumi na moja baadaye nilipewa barua ya kujieleza. Hiyo ilihusu kutua kuzuri kuliko kote nilikowahi kutua.

Nataka kueleza tofauti ya siku hizo mbili, halafu nataka kugombana na ninyi mnaopiga makofi, na mabosi wanaoandika barua, na sisi marubani tunaopenda yote mawili.

*

Julai ile nilikuwa naleta abiria kumi katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA kama tunavyouita wenyewe. Wanne kati yao walikuwa na ndege nyingine ya kupanda jioni hiyohiyo. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki na magharibi. Ukitua ukielekea mashariki, dira inasoma nyuzi 090. Ukielekea magharibi, 270. Ndiyo maana ncha zake zimeandikwa 09 na 27. Ina urefu wa mita 3,600, na Caravan haihitaji hata theluthi yake. Urefu haukuwa tatizo.

Muongoza ndege akanipa upepo: kutoka nyuzi 150, noti 18, mapigo hadi noti 28.

Noti hizi si za benki. Ni kipimo chetu cha mwendo. Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Na hesabu yake haihitaji kompyuta. Mimi nilikuwa natua kwa nyuzi 090, upepo unatoka 150, tofauti ni nyuzi 60. Kwa pembe ya nyuzi 30, nusu ya upepo inakupiga ubavuni. Kwa 45, kama asilimia 70. Kwa 60, kama asilimia 87. Kwa 90, wote. Basi upepo wa kawaida wa noti 18 ulikuwa unanipiga ubavuni kwa kama noti 16. Lakini pigo la noti 28 lilikuwa linanipiga kwa noti 24.

Kitabu cha Caravan kinataja noti 20.

Hapo ndipo penye mtego. Mwenye kutaka kutua atahesabu kwa 18 na kusema, "Kumi na sita, niko salama." Mwenye kutaka kuishi atahesabu kwa 28. Upepo hauji kwa wastani. Unakuja pigo kwa pigo, na ndege haigusi ardhi kwa wastani wa dakika kumi. Inagusa kwa sekunde moja, na hakuna mnara wa kuongozea ndege unaoweza kukuahidi sekunde hiyo itakuwa ya 18 au ya 28.

Nilijaribu. Kujaribu si kosa. Mita thelathini hivi juu ya njia nikakanyaga kanyagio la kushoto kunyoosha pua. Nikakanyaga hadi mwisho. Pua ikabaki inaangalia kulia. Nikaongeza nguvu, nikainua pua, nikarudi hewani. Nikazunguka, nikajaribu tena; mara ya pili pigo lilinikuta juu zaidi, nikaondoka mapema zaidi. Uwanja wa Arusha ulikuwa karibu, lakini njia yake nayo ni 09 na 27, tena ni fupi kuliko ya KIA. Upepo uleule, pembe ileile. Nikamwambia muongoza ndege nitasubiri. Nilikuwa nimejaza mafuta ya ziada. Agosti ilikuwa imenifundisha.

Nikazunguka juu ya tambarare za kusini mwa uwanja kwa dakika arobaini, Kibo ikiwa imejifunika mawingu upande wa kaskazini. Jua lilipoanza kushuka, joto la ardhi likapungua na upepo ukatulia, kama ufanyavyo mara nyingi upande wetu huu. Noti 12, bila mapigo. Nikatua. Hakuna aliyepiga makofi. Abiria mmoja, akishuka, hakunitazama. Wanne walikosa ndege yao. Kampuni ikalipa hoteli. Asubuhi yake barua ikawa mezani: nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua, ikizingatiwa kwamba "marubani wengine walitua uwanja huo mchana huohuo bila tatizo".

*

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana wanaopiga makofi hawajui wanachokipigia.

Aliyekulia pwani anamjua kaa: anaelekea huku, anakwenda kule. Mimi nilikulia Mkuu, Rombo, nikamwona kaa nikiwa mtu mzima, lakini nilipomwona nilimwelewa mara moja, kwa sababu ndivyo ndege inavyoikaribia njia katika upepo wa ubavuni. Upepo ukitoka kulia, pua unaielekeza kulia kidogo, na ndege inateleza kwa ubavu juu ya mstari ulionyooka. Ukiwa mbali ni rahisi. Taabu ni kwamba magurudumu hayawezi kutua kama kaa. Yakigusa yakiwa yamekaa upande, yanaivuta ndege nje ya njia.

Kwa hiyo karibu na ardhi unafanya mambo mawili kwa pamoja. Mguu wa kushoto unakanyaga ili pua inyooke. Mikono inazungusha usukani kulia ili bawa la kulia lishuke, na ndege iegemee upepo badala ya kubebwa nao. Ukifanya sawasawa, gurudumu la kulia, la upande wa upepo, linagusa kwanza, peke yake. Kisha la kushoto. Kisha la mbele. Abiria anayeona ndege imeinama upande mmoja inapogusa hudhani rubani amekosea. Huo ndio ustadi wenyewe.

Na kutua hakuishii hapo. Kadiri mwendo unavyopungua, hewa inayopita juu ya mabawa inapungua, na usukani unapoteza nguvu. Upepo haupotezi kitu. Kwa hiyo unazidi kuuzungusha usukani kuelekea upepo, hadi mwisho, na kuushikilia hivyo mpaka umefika kwenye maegesho. Siku ya makofi mimi niliuachia.

Mapigo ya upepo yana kanuni yake. Unachukua tofauti kati ya upepo wa kawaida na pigo, unagawa kwa mbili, unaongeza kwenye mwendo wako wa kukaribia. Siku ile KIA tofauti ilikuwa noti 10, nikaongeza 5. Hiyo ni akiba, ili pigo likikatika ghafla ndege isikose hewa ya kuibeba.

Na ipo alama moja ambayo kwangu ni kubwa kuliko namba zote za kitabuni. Ukikanyaga kanyagio hadi mwisho na pua haijanyooka, ndege imekujibu. Imesema haiwezi. Baada ya hapo hakuna ujasiri, hakuna uzoefu, hakuna sala ya mama yako inayoweza kuongeza urefu wa kanyagio.

*

Namba ile 20 nayo inaeleweka vibaya. Ndege ndogo ya kufundishia ambayo wengi wetu tulianza nayo, Cessna 172, kitabu chake kinataja 15. Watu huzisoma namba hizi kwa namna mbili, zote mbovu. Wengine huzichukua kama ahadi: chini ya 20 nitatua salama. Wengine huzichukua kama changamoto: si sheria, basi naweza kuzipita.

Ukweli ni wa kawaida zaidi. Kanuni za Marekani ambazo ndege za aina hii ziliidhinishwa kwazo zilimtaka mtengenezaji aonyeshe tu kwamba ndege inadhibitika katika upepo wa ubavuni usiopungua moja ya tano ya mwendo ambao chini yake ndege haibebeki tena hewani. Rubani wa majaribio alitua, upepo ulikuwa kiasi kile, wakaandika. Ni taarifa ya kilichoonekana mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni majaribio, aliyelala vizuri, asiyesubiriwa na gari la hoteli.

Msidhani ni ugonjwa wa ndege ndogo na viwanja vya changarawe. Tarehe 1 Machi 2008, dhoruba ikipita Ujerumani, Airbus A320 ya Lufthansa ilijaribu kutua Hamburg katika upepo mkali wa ubavuni. Bawa la kushoto likagusa njia. Marubani wakaongeza nguvu, wakarudi hewani, wakaenda kutua salama. Mtu alikuwa amepiga video, dunia ikaitazama, na magazeti yakawaita marubani wale mashujaa. Wachunguzi wa Ujerumani walipomaliza kazi yao, picha ilikuwa tofauti. Ilikuwapo njia nyingine iliyoelekeana zaidi na upepo, na ndiyo waliyoitumia baadaye kutua salama. Na ilidhihirika kwamba maana ya ile namba ya upepo wa ubavuni "ulioonyeshwa" haikuwa wazi kwa marubani wengi: ni kikomo au si kikomo?

Somo la Hamburg, kwangu, ni kwamba tulishangilia mahali pasipo pake. Jambo la kusifiwa lilikuwa lile la kuongeza nguvu na kuondoka. Na swali la kuulizwa lilikuwa kwa nini halikufanyika mapema. Makofi yalizima swali, na hiyo ndiyo hatari yake.

*

Sasa tugombane.

Ninyi abiria. Naelewa hofu yenu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria. Walikuwamo watu 43. 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Sitatumia msiba wa watu kushinda hoja yangu, wala sitajifanya hakimu wa wenzangu ambao hawawezi kujibu. Nasema tu nilichokiona nyuma yangu, kwenye viti vyangu mwenyewe. Kwa majuma kadhaa baada ya siku ile abiria walikuwa wakinishukuru nikiwaambia tutachelewa kwa sababu ya hali ya hewa. "Asante Kapteni, bora hivyo." Ikafika Januari, shukrani zikageuka kuwa saa za mkononi zinazotazamwa kwa hasira. Huzuni yetu ina muda wake wa kuisha, kama dawa.

Ninyi mameneja. Hamjawahi kumwambia rubani atue kwenye upepo mbaya, najua. Hamna haja. Mnasema, "Uamuzi ni wako, Kapteni," halafu mnamwambia wenzake wametua. Mnalipa posho kwa safari iliyokamilika. Mnauliza kwa nini ametumia mafuta mengi. Na rubani kijana, mwenye mkopo wa mafunzo ya mamilioni ambayo baba yake aliuza shamba kuyalipia, anafanya hesabu yake akiwa mita thelathini juu ya ardhi, na ndani ya hesabu hiyo ninyi mmo. "Wenzako wametua" inathibitisha kitu kimoja tu: wao walikutana na sekunde zao. Mimi ningekutana na zangu.

Ninyi walimu wetu. Mimi nilifundishwa asubuhi. Saa moja, saa mbili, hewa imetulia kama maji ya mtungi, ndipo wanafunzi wanaporushwa, kwa sababu ni salama na ratiba inakwenda. Nikapata leseni nikiwa nimeukuta upepo wa kweli wa ubavuni mara zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mwalimu akiwa pembeni. Kurudi hewani nilifundishwa kama zoezi la kutiwa alama ya vema, likifanyika juu sana, kwa amri, nikijua linakuja. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kulifanya nikiwa nimechelewa, nimechoka, na watu wananitazama.

Na sisi marubani. Tunapokaa kunywa chai tunasimulia siku tulizotua. "Upepo ulikuwa noti thelathini, mwanangu, nikaiweka chini." Sijawahi kumsikia mtu akisimulia kwa majivuno siku aliyoondoka. Shirika la Flight Safety Foundation lilifanya utafiti mrefu juu ya jambo hili, likatoa ripoti yake mwaka 2017: kati ya ndege za abiria zinazoikaribia njia zikiwa hazijatulia vizuri, ambazo kwa kanuni za kampuni zao wenyewe zinapaswa kurudi hewani, ni kama asilimia 3 tu zinazorudi. Tisini na saba zinaendelea. Karibu zote zinatua bila tatizo, na hilo ndilo linaloua: kila moja inamfundisha rubani kwamba kanuni ni ya watu wengine. Mimi pia, Agosti ile, nilifundishwa hivyo, tena kwa makofi.

*

Sisemi tumejifunza haya angani. Tumeyapanda na basi.

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam inajaa Wachagga wanaokwenda nyumbani. Himo, Marangu Mtoni, Mwika, Mkuu, Tarakea: katika kila kituo kuna mtu anayesubiriwa na mbuzi aliyefungwa. Na swali la kwanza nyumbani si "mmefikaje?" Ni "mmetumia saa ngapi?" Mwenye saa chache ndiye mwanamume.

Baba yangu mdogo aliendesha basi katika njia hiyo kwa miaka mingi. Desemba moja, mvua ikinyesha hadi barabara haionekani, alilisimamisha basi Mombo, akazima injini, akasema hatuondoki. Alitukanwa saa tatu mfululizo. Walimwita mwoga, mchawi, mlevi. Kijana mmoja alitaka kumnyang'anya funguo. Mama mmoja akamwambia, "Baba, mimi nina msiba," na hilo, anasema, ndilo lililomuuma. Hakuondoka. Wakafika Rombo kesho yake mchana, wote, na hakuna aliyeaga. Kwenye kioo cha nyuma cha basi lile, kwa herufi za njano, paliandikwa KAWIA UFIKE. Methali hiyo tunaiandika kwenye mabasi na kwenye kanga. Dereva akiifuata tunamtukana.

Nilipopata ile barua nilipanda kwenda nyumbani kumweleza. Tulikaa kihambani, upepo wa Julai ukipita kwenye migomba. Hakuna jani zima pale. Yote yamechanika vipande vipande mpaka kwenye uti. Mtoto wa mjini akiyaona anadhani mmea unaumwa. Lakini jani linachanika ili upepo upite, na upepo ukipita mgomba unasimama. Jani ambalo lingegoma kuchanika lingeuangusha mgomba pamoja na mkungu wake.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Ulirudi juu mara ngapi?"

"Mara mbili, baba."

"Na ya tatu ungerudi?"

"Ningerudi. Mafuta yalikuwepo."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kumenya chungwa.

*

Najua mtakavyonijibu.

Mtasema: je, kama ndani kuna mgonjwa? Ni swali zito, na kwa watu wa mlima huu ni swali la nyumbani. Mwaka 1956, chini ya Kilimanjaro, madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga mpango wa kuwapelekea tiba kwa ndege watu wa mbali na hospitali. Mwaka uliofuata, 1957, ukazaliwa kama Madaktari Warukao, ambao leo tunawajua kama AMREF. Tangu hapo ndege ndogo katika Afrika Mashariki imekuwa na maana ya uhai. Lakini angalieni jinsi kazi hiyo inavyofanywa na wanaoiheshimu. Katika huduma nyingi za ndege za wagonjwa duniani, rubani haambiwi hali ya mgonjwa wakati anapoamua kama hali ya hewa inaruhusu. Hajui kama ni mguu uliovunjika au mtoto anayekata roho. Anaulizwa swali moja tu: ndege inaweza au haiwezi? Wamejifunza kwamba huruma ikikaa kwenye usukani, badala ya maiti mmoja wanazikwa wanne. Ikiwa mtoto anayekufa hapaswi kumsukuma rubani, kwa nini imsukume tiketi ya kwenda Ulaya?

Mtasema: kurudi hewani nako kuna hatari. Ni kweli. Unaongeza nguvu nyingi karibu na ardhi, pua inataka kupanda kupita kiasi, ndege inavutika upande mmoja, na asiyezoea anaweza kuipoteza hapohapo. Hiyo ni sababu ya kulifanyia mazoezi mengi zaidi. Mlango wa dharura ukikwama tunautia mafuta, hatuuchomelei.

Mtasema: rubani mzuri anaumudu upepo. Nami nasema ndiyo, aumudu. Sitetei uzembe. Rubani ambaye hawezi kutua kwa gurudumu moja katika noti 15 za ubavuni arudi darasani. Ustadi unatakiwa kuwa mwingi ili aijue sekunde ambayo hautoshi.

Basi madai yangu ni haya. Kampuni yoyote inayorusha ndege katika nchi hii iandike, na isaini, kwamba hakuna rubani atakayepewa barua kwa kurudi hewani, kwa kusubiri, wala kwa kwenda uwanja mwingine. Kampuni nyingi duniani zimeshaandika hivyo, hatuombi muujiza. Posho isifungwe kwenye safari iliyokamilika. Kila kampuni iweke kikomo chake cha upepo wa ubavuni, kikihesabiwa kwa pigo na si kwa wastani, na kiwe cha chini zaidi kwa rubani mgeni. Wanafunzi warushwe alasiri, walimu wao wakiwa kando. Na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inapokagua makaratasi ya kampuni, iulize pia: mwaka huu marubani wenu wamerudi hewani mara ngapi? Wakijibu hakuna hata mmoja, hapo ndipo pa kuanzia ukaguzi.

Kwenu abiria naomba jambo dogo zaidi. Siku moja mtakuwa kwenye ndege ndogo, ardhi inapanda, mnaona hata majani, halafu ghafla injini itanguruma na ardhi itaondoka. Mtahisi tumbo limebaki chini. Hapo ndipo rubani wenu anapofanya kazi yake. Msimpigie makofi. Msimwulize kwa nini. Kazeni mikanda na mnyamaze, maana mikono yake imejaa.

Barua yangu ya kujieleza niliijibu kwa mistari miwili: upepo ulizidi uwezo wa ndege, nilisubiri upungue, nikatua. Meneja akasema majibu hayajitoshelezi, akaambatanisha malalamiko ya wale waliokosa ndege yao, ili nielewe hasara niliyosababisha. Bado ninayo. Ni kurasa mbili, yana hasira, na chini yake kuna sahihi za watu wanne walio hai.